Punda wa mkokoteni aliyedhoofu: usimuue kwa huruma

Punda wa kwanza niliyemchukua nimuuguze alikufa siku ya nne. Alikuwa mbavu tupu, ametoka kwenye mkokoteni wa kuuza maji pembezoni mwa mji wa Dodoma, na mimi kwa uchungu niliokuwa nao nikamjazia karai la pumba na mahindi ya kupasua, nikamwacha ale atakavyo. Alikula, nikafurahi. Siku ya tatu misuli ikaanza kumtetemeka. Siku ya nne nilimkuta amelala ubavu, anahema kwa shida, na kabla ya jua kukolea akawa amekwenda. Daktari wa mifugo aliponieleza ndipo nilipoelewa kwamba njaa aliivumilia miezi kadhaa, ila chakula changu kilimshinda kwa siku nne.

Tangu hapo nimeuguza punda wengine, na nimejifunza kwamba kazi hii ina mpangilio wake. Ukianza na la tatu kabla ya la kwanza, unapoteza mnyama. Ninayoandika hapa hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo. Yanakusaidia kujua la kufanya kabla hajafika, la kutofanya kabisa, na wakati gani wa kumwita usiku bila kuona haya.

1. Anza na mwenye punda

Tuna msemo tunaurusha kama mchezo: punda afe, mzigo ufike. Ukikutana na mnyama ana donda wazi chini ya nira huku anachapwa, hasira inakupanda. Imeze. Kijana unayemwona na fimbo mara nyingi hata si mwenye punda. Amekabidhiwa, na jioni anapeleka hesabu kwa mwenye mali. Ukimtukana barabarani, kesho atapita njia nyingine na punda yuleyule.

Mtafute mwenye mali, nenda nyumbani kwake, mpe shikamoo yake kama ni mtu mzima, kaa. Mimi huanza hivi: “Mzee, nimemwona punda wako ana donda begani. Akiendelea hivi mwezi huu utampoteza, na punda mwingine ni hela. Nipe ruhusa tumtibu.” Mara nyingi atakujibu, “Mwanangu, akipumzika yeye, sisi tule nini?” Swali hilo ni la kweli, na ukienda bila jibu umekwenda bure. Jibu langu la kwanza ni kumtibu palepale nyumbani kwake, kwa mapumziko ya wiki 3 au 4, huku tukitafuta namna ya kumfidia sehemu ya kipato au kumwazimisha punda mwingine. Kumnunua naona ni njia ya mwisho. Ukinunua punda mgonjwa kwa bei nzuri, hela ileile inanunua punda mwingine, anafungwa nira ileile, na donda linaota mahali palepale.

Ikibidi kununua, andikeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mashahidi wawepo, alama za punda ziandikwe: rangi, jinsia, umri wa kukadiria, makovu. Wizi wa punda umekuwa mkubwa kwa sababu ya biashara ya ngozi, ngozi zinazochemshwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini usiku bado una wezi, na wewe usikutwe na punda usiye na karatasi yake. Ukimhamisha kutoka wilaya moja kwenda nyingine, muulize afisa mifugo wa kata kuhusu kibali cha kusafirisha.

Ukatili ulio wazi, mwenye mali akikataa kila kauli, mpeleke kwa afisa mifugo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008; Kenya nayo ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Usimfungue mnyama wa mtu kwa nguvu zako mwenyewe.

2. Uliza kama punda ana mwenzake

Hili watu wanaliruka. Punda wawili waliokokota pamoja miaka wanashikamana kuliko tunavyodhani. Ukimchukua mgonjwa ukamwacha mwenzake, mgonjwa anaweza kugoma kula. Na punda anapogoma kula, hasa jike mwenye mimba au aliyenenepa, mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwenye damu, ini linalemewa, na ndani ya siku chache anakufa. Kwa hiyo ukiweza, chukua wote wawili, ama mwazime yule mzima kwa wiki za mwanzo. Waweke pamoja, lakini mbali na wanyama wako wengine kwa wiki 3, maana mgeni huja na mafua na minyoo.

Wakati wa kusafirisha usimfunge miguu ukamlaza kwenye gari kama gunia. Asimame, sakafu iwe na nyasi au mchanga asiteleze, na muondoke asubuhi na mapema.

3. Mtazame kabla ya kumshika

Punda anaficha maumivu. Farasi mwenye tumbo linalouma atajitupa chini na kugaagaa. Punda mwenye tumbo hilohilo anaweza kusimama tu, masikio yamelegea, kichwa chini. Mtu akipita anasema, “Huyu mpole.” Punda aliyenyamaza na kuduwaa mhesabu kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kaa pembeni dakika 10. Anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine? Anachukua majani mdomoni kisha anayaachia? Anakunya? Mavi yakoje? Halafu msogelee ubavuni kwa kumsemesha, upime:

- Joto: 36.2 hadi 37.8 kwa punda mzima. Kipimajoto kinaingia njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta na kufungwa uzi ili kisipotelee ndani.
- Mapigo ya moyo: 36 hadi 52 kwa dakika. Weka vidole chini ya mfupa wa taya, utausikia mshipa unadunda.
- Pumzi: 12 hadi 28 kwa dakika, akiwa ametulia kivulini.
- Fizi: ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2.
- Tumbo: weka sikio ubavuni. Tumbo linalonguruma ni jema. Tumbo kimya ni sababu ya kupiga simu.

Andika kwenye daftari, asubuhi na jioni. Daktari akija atalitaka hilo daftari kabla ya kumgusa mnyama.

Jambo moja la hatari: punda anayejing'ata, anayelia kwa sauti ya ajabu, anayetokwa mate na kushambulia, usitie mkono mdomoni mwake. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie peke yake, mwite afisa mifugo, na kama mate yamekugusa kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

4. Maji, kisha chakula kidogo kidogo

Maji kwanza. Punda ana makuu na maji: ndoo yenye harufu ya dizeli au sabuni ataiacha na kiu yake. Isugue. Aliyekauka sana mpe lita 3 au 4, subiri kama robo saa, mpe tena, mpaka atosheke. Baada ya hapo maji yawe mbele yake muda wote. Kwenye joto letu anaweza kunywa lita 20 au zaidi kwa siku. Weka na jiwe la chumvi.

Sasa chakula, mahali nilipopotea mimi. Mwili ulioshinda njaa kwa wiki nyingi umekuwa ukijila wenyewe, na akiba yake ya madini, hasa fosforasi na magnesi, imekwisha. Ukimpa ghafla wanga mwingi, yaani pumba, mahindi, mtama au makombo ya ugali, sukari inapanda, mwili unatoa insulini, na insulini inayavuta yale madini machache kutoka kwenye damu kuyaingiza kwenye seli. Damu inabaki mikono mitupu. Moyo na misuli ya kupumulia inakosa nguvu. Hatari hii huja siku ya 3 hadi ya 5, wakati wewe umeshaanza kuwaambia majirani kwamba amepona.

Kwa hiyo punguza, na gawa. Punda wetu wengi hawafiki kilo 200, na aliyedhoofu huenda ana kilo 120 au 130 tu. Kwa mnyama wa kilo 130, nyasi kavu nzuri kama kilo 2 zinamtosha kwa siku akiwa mzima. Anza na kilo 1 kwa siku nzima, uigawe mara 6: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, jioni, na kabla hujalala. Ni kama konzi mbili kubwa kila mara. Ukipata lusini (alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde), changanya; ina protini na madini anayoyahitaji, na wanga wake ni mdogo. Ongeza polepole kwa siku 7 hadi 10 mpaka afike kilo 2 au 2 na nusu. Pumba na nafaka zisubiri wiki 2 nzima, na hata baada ya hapo ziwe za kuonja.

Atakulilia. Atakufuata na ndoo, atagonga mlango wa banda kwa kwato, na mtoto wako atasema baba unamtesa mnyama. Shikilia ratiba.

Kama ni kinyume chake, yaani hataki kula kabisa, usisubiri kesho. Mletee majani mabichi, maganda ya ndizi, karoti iliyokatwa kwa urefu, mlete mwenzake ale mbele yake. Saa 24 bila kula ni dharura kwa punda. Mwite daktari.

5. Madonda

Madonda ya nira na kamba yana mahali pake: kifuani, begani, chini ya mkia, chini ya tumbo, na pale juu shingo inapokutana na mgongo. Kabla ya dawa yoyote, ondoa kilicholeta donda. Sijawahi kuona donda la nira likipona chini ya nira.

Hapa kwetu utakuta limepakwa oili chafu ya gari, majivu, unga wa betri, au limechomwa kwa chuma cha moto. Vyote hivi vinaunguza nyama hai inayojaribu kujenga ngozi mpya. Oili chafu inafukuza inzi, ndiyo, nakubali, ila inabaki ndani na uchafu wake wote. Na huyo aliyeipaka usimdharau. Alitaka kumtibu punda wake na hakuwa na kitu kingine.

Utaratibu wangu ni huu. Chemsha maji, yaache yapoe, tia vijiko 2 vidogo vya chumvi kwa kila lita. Kata manyoya kuzunguka donda kwa mkasi, ukiwa umelowesha donda lenyewe ili manyoya yasiingie. Chukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, au chupa ya maji uliyotoboa kifuniko, na usukume maji hayo ndani ya donda mpaka yatoke safi. Inaweza kuchukua lita 2. Funza watoe mmoja mmoja kwa kibanio, hata ikichukua saa nzima. Kisha iodini ya kuoshea madonda, iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Ikiwa nyeusi kama ilivyo kwenye chupa inachoma. Baada ya hapo, kwa donda lisilo na mfuko wa usaha, mimi hupaka asali halisi. Asali ya kuchakachua kwa sukari haifai. Sehemu ya chini ambako majimaji yanatiririka, paka vaselini ili ngozi isibabuke. Rudia kila siku. Likishakuwa jekundu na safi, kila baada ya siku 2.

Donda la juu ya mabega lenye tundu dogo linalotoa usaha bila kukoma lina mfereji ndani, na unaweza kufika mfupani. Hilo si la asali. Vaa glavu, kwa sababu linaweza kuwa na vijidudu vya brusela vinavyoambukiza binadamu, na umwachie daktari.

Halafu kuna pepopunda. Ugonjwa huu umebeba jina la mnyama huyu, na kweli jamii ya farasi na punda ni wepesi mno kuupata kuliko mifugo mingine. Kila punda uliyemchukua na donda, hasa la msumari kwenye ukwato, mwombe daktari amchome sindano ya kinga ya papo hapo siku ya kwanza, kisha chanjo mbili zilizoachana wiki 4 hadi 6. Ukiona anatembea miguu imekakamaa kama meza, masikio yamesimama kwa pamoja, mkia umeinuka, na ngozi ya ndani ya jicho inaruka kufunika mboni ukipiga makofi, muda umeshakuwa mfupi.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Jike mmoja niliyemuuguza alikuwa akinipiga kila nilipogusa upande wa kulia wa mkia. Siku ya tatu nikauinua mkia na tochi, nikakuta kamba ya nailoni imezama ndani ya nyama, ngozi imeota juu yake, ncha moja tu ya buluu inaonekana. Daktari alimpa ganzi akaitoa. Wiki mbili baadaye nilikuwa nauinua mkia ule kwa mkono mmoja, naye anaendelea kutafuna.

6. Kwato

Kwato zilizoachwa hurefuka, zikapinda kwenda juu kama ncha ya kiatu cha kale, na mnyama anatembelea visigino. Kishawishi ni kuzikata zote siku moja. Usifanye hivyo. Mishipa na mifupa imezoea mkao ule mbaya, ukiubadilisha ghafla unamlemaza. Punguza kidogo kila baada ya wiki 2 au 3 mpaka umbo lirudi, kisha dumisha kila wiki 6 hadi 8. Anayejua kukata kwato za farasi akumbuke kwamba ukwato wa punda umesimama zaidi; asiulazimishe ulale kama wa farasi.

Punda aliyekuwa mzima jana na leo hakanyagi kabisa mguu mmoja, ukwato una joto, huenda ana jipu ndani. Daktari atalifungua. Kazi yako baada ya hapo ni kuuloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kuukausha, na kuufunga. Bandeji bora niliyowahi kutumia ni pampasi ya mtoto iliyozungushiwa solotepu pana. Inakaa, inanyonya majimaji, inazuia matope, na duka la mtaani ipo.

Akisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, hataki kugeuka, kwato zote mbili za mbele zina moto, huo ni uvimbe wa ndani ya ukwato, na mara nyingi umeletwa na nafaka. Toa nafaka zote, mwekee mchanga mlaini wa kusimamia, mwite daktari. Mwambie daktari asisahau kwamba dawa nyingi za maumivu zinaisha upesi mwilini mwa punda kuliko kwa farasi, hivyo dozi hazilingani. Wewe usimpe vidonge vya binadamu.

7. Tumbo, meno, minyoo

Mji wa kale wa Lamu, ambako njia ni nyembamba na punda ndiye gari, una kliniki ya punda tangu 1987, na moja ya mambo yanayowasumbua huko ni takataka: punda wanakula mifuko na kamba za plastiki mpaka utumbo unaziba. Miji ya bara haina tofauti. Anayerandaranda dampo, kisha akaacha kunya na kuduwaa, usimnyweshe mafuta kwa chupa kama tulivyozoea, yanaingia mapafuni. Hilo lahitaji mrija wa daktari.

Dawa ya minyoo isubiri apate nguvu kidogo, kwa uzito aliopimwa na daktari. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka. Punda mzee anayetema mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu hawezi tena nyasi kavu. Mkatie fupifupi, mloweshee.

8. Wasiopona

Mguu uliovunjika juu, tumbo lisilofunguka, mnyama asiyeweza tena kuinuka: mwite daktari amalize maisha yake kwa sindano, bila maumivu. Usiache siku zipite kwa matumaini yako mwenyewe. Mwache mwenzake akae na mwili mpaka atakapoondoka mwenyewe. Atanusa, atasukuma kwa pua, pengine atasimama pale saa kadhaa. Punda aliyenyang'anywa mwenzake bila kuona huzunguka akilia na kuacha kula, na hapo unaweza kuuguza wa pili. Zika kina kirefu, mbali na kisima. Dawa ya sindano ile inaua mbwa watakaofukua.

9. Kurudi kazini

Wengine hawarudi, na hao wapewe kivuli na mwenzao. Anayerudi, arudi donda likiwa limefunga na manyoya yameanza kuota, mbavu zinapapaswa lakini hazihesabiki kwa macho. Aliye chini ya miaka 4 mifupa haijakomaa. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua kama mwaka mmoja, apumzishwe miezi 3 ya mwisho na 3 baada ya kuzaa.

Hapa ndipo unaporudi kwa yule mzee, na ndipo kazi yote inapofaulu au kupotea. Nira ya ng'ombe itoke. Ng'ombe anasukuma kwa nundu. Punda hana nundu, anasukuma kwa kifua. Mshonee mkanda wa kifua wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, wa turubai au pamba, ndani yake blanketi kuukuu lililokunjwa bila mshono unaogusa ngozi. Usitumie mpira wa tairi ukigusa mwili, unachoma kwenye jua. Usitumie nailoni popote. Mkanda upite chini ya koo, juu ya kiungo cha bega, usizibe pumzi wala kukwamisha mguu. Mzigo ukae juu ya ekseli. Ukielemea mbele unamkandamiza mgongo, ukielemea nyuma unamnyonga. Na mhesabie mzee kwa kalamu: madumu 20 ya lita 20 ni kilo 400 kabla ya kuhesabu mkokoteni wenyewe. Aanze na nusu, nusu siku, kwa wiki 2.

Nenda siku ya tatu, jioni, mkokoteni ukirudi. Mpe mzee shikamoo, fungua mkanda ukiwa bado na jasho, pitisha kiganja mahali donda lilipokuwa. Pawe na joto la kawaida, pakavu, na yeye asikurupuke. Akikurupuka, mkanda unashonwa upya usiku huohuo.